Saa 26 ugenini, na mwili haujatua

"Shikamoo daktari. Mimi ni rubani msaidizi, mwaka wa pili sasa kwenye safari za masafa marefu. Kinachonitesa ni mapumziko mafupi ya ugenini. Kuna safari moja tunaondoka nyumbani saa 4 usiku, tunaruka saa kumi, tunatua saa 9 alasiri kwa saa za huko, maana mji ule uko mbele yetu kwa saa saba. Kesho yake saa 8 na nusu mchana gari linatuchukua hotelini, na saa 11 jioni tunaruka kurudi. Mara ya mwisho nilifuata ushauri wa wenzangu: usilale ukifika, kaza mpaka usiku wa pale. Nikakaza. Saa 3 usiku nikazimika kama taa. Saa 7 na dakika 10 usiku nikaamka macho makavu, na hata lepe la usingizi sikulipata tena hadi kukapambazuka. Asubuhi wenzangu wakanitoa tukatembee, wakisema jua litaniweka sawa. Usingizi wa kweli ukanijia saa 3 asubuhi, nimesimama kwenye foleni ya makumbusho. Tukiwa angani kurudi, kuna dakika chache sijui zilikwenda wapi. Kapteni hakuona. Mwenzangu mmoja ananishauri melatonini, mwingine vidonge vya mafua vinavyolewesha usingizi, mwingine glasi mbili za mvinyo. Je, kuna namna ya kuuzoesha mwili mji ule ndani ya muda huo? Na nikisema nimechoka, kazi itanibakia?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na zile dakika zako, kwa sababu naona ndizo zilizokufanya uandike. Hayo mengine yanazizunguka tu. Kilichokupata ni usingizi wa sekunde. Ubongo ukizidiwa haungoji ruhusa, unajizima vipande vipande, sekunde mbili, tano, kumi, na macho huweza kubaki wazi muda wote huo. Mwenyewe hujui kwamba ulilala. Unachogundua ni kwamba namba kwenye skrini zimeruka, au kwamba waongozaji wa ndege wamekuita mara ya pili na sauti imebadilika. Na kama kwako zimekuwa dakika, basi vipande hivyo vilikuja vingi kwa kufuatana. Umeogopa, na umefanya vyema. Nimepima marubani kwa miaka mingi, na wanaonitia hofu mimi ni wale wanaocheka nikiwauliza habari hii.

Sasa swali lako kubwa. Namna ya kuuzoesha mwili mji ule ndani ya saa 26 haipo. Hata kujaribu ndilo lililokuwa kosa la safari ile, na si kosa lako peke yako. Saa ya mwili husogea kwa kadiri ya saa moja kwa siku mtu anapokwenda mashariki, na kama saa moja na nusu anapokwenda magharibi. Tofauti yenu ni saa saba. Ungehitaji kama wiki nzima kuwa mwenyeji wa mji ule, na wewe una siku moja na vichele. Ushauri wa "kaza mpaka usiku wa pale" ni mzuri kwa mtalii anayekaa majuma mawili. Anavumilia siku mbaya tatu za mwanzo ili apate nzuri kumi. Wewe unageuza kesho. Ukifuata ushauri wa mtalii unapata zile siku mbaya tupu, halafu unakabidhiwa ndege.

Ili uone kilichotokea usiku ule, inabidi ujue kwamba usingizi unaendeshwa na mambo mawili yasiyosikilizana. La kwanza ni deni. Kila saa unayokaa macho, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya ubongoni, na deni linakua. Ukilala linalipwa, na sehemu kubwa hulipwa mapema, katika usingizi mzito wa saa za mwanzo. La pili ni saa ya mwili yenyewe, fungu la seli kama 20,000 lililojificha ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana. Hii haijali umechoka kiasi gani. Inapandisha na kushusha joto la mwili, inafungua na kufunga homoni, na inagawa saa za kuchangamka na saa za kulegea kwa ratiba yake. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2017 ilitolewa kwa watu watatu waliofumbua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli. Kwa binadamu wengi mzunguko wake unazidi kidogo saa 24, na ndiyo maana kuchelewesha usingizi, yaani kwenda magharibi, huwa ni rahisi kuliko kuuwahisha.

Chukua sasa usiku wako, tuusome kwa saa za nyumbani. Uliposhika mto saa 3 usiku, mwilini mwako ilikuwa saa 8 mchana. Ulikuwa na deni kubwa la usiku mzima angani, na deni likakuangusha, sawa. Ukalala saa nne za usingizi mzito, deni likapungua. Halafu ukaamka saa 7 na dakika 10. Mwilini mwako hiyo ni saa 12 na dakika 10 jioni. Nani hulala saa 12 jioni? Ile ndiyo sehemu ya siku ambayo saa ya mwili hukaza kamba kwa nguvu kuliko wakati wowote, ili mtu aweze kumaliza jioni yake akiwa macho. Watafiti wa usingizi huiita eneo lililokatazwa, kwa sababu ukimlaza mtu kitandani katika saa mbili tatu kabla ya wakati wake wa kawaida wa kulala, hata akiwa amechoka, anagaagaa tu. Kwako eneo hilo lilidumu mpaka karibu alfajiri ya mji ule. Kwa hiyo acha kujilaumu kwamba una mawazo mengi au una udhaifu fulani. Ulikuwa unajaribu kulala jioni.

Na usingizi uliokukuta kwenye foleni ya makumbusho? Saa 3 asubuhi ya kule ni saa 8 usiku ya kwako. Kuanzia saa 8 usiku mpaka karibu saa 12 alfajiri ndiyo shimo refu kuliko yote katika mzunguko wa siku. Joto la mwili liko chini kabisa, umakini uko chini kabisa, na kanuni nyingi za usafiri wa anga duniani zinazitaja saa hizo kwa jina na kuzipa masharti yake. Mwili ulikuwa unakuita ukalale, usingizi wa kweli, wa bure, na wewe ukaupeleka kutazama vyungu vya kale.

Tufanye hesabu kidogo, nayo haipendezi. Uliamka saa 7 usiku. Ndege iliporuka saa 11 jioni ulikuwa umekaa macho saa 16. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya majaribio ya mkono na jicho sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, na akifikisha saa 24 anakuwa kama mwenye asilimia 0.10. Maana yake saa moja tu baada ya kupaa ulikuwa umeshafika kiwango ambacho, kingekuwa cha chupa, wewe mwenyewe usingeingia ndani ya chumba cha marubani. Kama hukujilaza kabisa njiani, kutua mlitua ukiwa na saa 26.

Nizungumzie na lile jua, maana hapo wenzako wamekosea kwa namna ambayo wengi hawaijui. Ni kweli mwanga ndio unaosogeza saa ya mwili. Lakini upande inakosogea unategemea mwanga umekukuta saa ngapi ya mwilini. Mwanga ukikupata kabla ya joto la mwili kufika chini kabisa, ambako kwa watu wengi ni saa mbili au tatu kabla ya kuamka kwao kwa kawaida, saa yako inarudi nyuma, inachelewa. Ukikupata baada ya hapo, inawahi. Kwako, kile kiwango cha chini kinaangukia kama saa 4 asubuhi ya mji ule. Jua la saa 2 na saa 3 asubuhi, lile mliloliendea kama dawa, lilikuwa linakusukuma upande wa pili kabisa na ule mliodhani. Mtu anayeruka saa saba kuelekea mashariki anapaswa kulikwepa jua la asubuhi ya kwanza.

Basi ufanye nini? Kaa na saa za nyumbani. Wewe unarudi siku ya tatu, saa 2 usiku ya kwenu. Mwili ambao haujasogezwa utalala usiku ule kama kawaida, na utakushukuru wiki nzima. Safari yako ina bahati ambayo hujaiona: usiku wa nyumbani, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 na nusu alfajiri, unaangukia kati ya saa 11 alfajiri na saa 6 na nusu mchana wa mji ule. Gari linakuja saa 8 na nusu. Usiku wako mzima umelala pale, haujaguswa na mtu, na unaisha saa mbili kabla ya gari.

Mimi ningekupangia hivi. Siku ya kuondoka, lala kidogo alasiri, hata saa moja na nusu, kabla ya kuvaa sare. Ukifika hotelini kama saa 11 jioni, jilaze, kwa kengele, usizidishe saa mbili. Huo ni wa kupunguza deni tu, na kengele ndiyo kila kitu: ukijiachia ukalala mpaka saa 5 usiku, umeula usingizi wa alfajiri. Saa 1 usiku amka, oga, washa taa zote, ule chakula kikubwa. Mwilini mwako ni saa sita ya mchana na tumbo litakubali. Halafu toka. Wenzako wanasema usipolala kwa saa za pale hutauona mji, kumbe unao usiku mzima wa kuuona, alimradi mitaa ni salama na hauko peke yako. Rudi, fanya mazoezi mepesi, soma, piga simu nyumbani, kule ni jioni na watoto hawajalala. Kuanzia saa 9 usiku punguza taa. Saa 11 alfajiri, kabla nje hakujaanza kupambazuka, ingia kitandani.

Sitakuficha gharama yake. Utakosa kifungua kinywa cha hoteli na kukaa pamoja na wenzako. Kuna watu ambao kulala wakati nje kuna jua hawakuwezi, hata chumba kiwe giza la kaburi, na kuna ambao saa za kusubiri alfajiri zinawaletea upweke. Kama wewe ni mmoja wao, ipo njia ya pili, ambayo mwili wako ulikupa siku ile ukaikataa: usingizi wa mafungu mawili. Lala saa 3 usiku kama ulivyofanya, ukiamka saa 7 usipigane, washa taa ndogo, soma, kula kitu, kisha saa 2 asubuhi rudi kitandani mpaka saa 6 mchana. Saa nne na saa nne. Si tamu kama usingizi mmoja mrefu, ila inakufikisha garini umelala. Kwa safari yako hii naipenda zaidi ile ya kwanza. Kwa mapumziko ya saa 14 au 15, mafungu mawili mara nyingi ndiyo pekee yanayowezekana. Tofauti ikiwa chini ya saa tatu, usibabaike na lolote, lala kama kawaida. Na ukipangiwa siku tatu nne mahali pamoja, hapo ndipo mjadala wa kuhama au kutohama unapokuwa mgumu. Niulize siku hiyo.

Chumba chenyewe ni nusu ya kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha mwaka 2016 kwamba usiku wa kwanza mahali pageni upande mmoja wa ubongo haulali sawasawa na mwenzake. Unabaki mlinzi, ukisikiliza. Wewe maisha yako ni usiku wa kwanza baada ya usiku wa kwanza. Mlinzi huyo unaweza kumtuliza kidogo kwa kumpa vitu anavyovijua: foronya yako kutoka nyumbani, nguo ileile ya kulalia, hoteli ileile ikiwezekana. Omba chumba kilicho mbali na lifti. Tundika kibao cha "Usisumbue", kisha ushuke mwenyewe mapokezi ukawaambie kwa mdomo kwamba unalala mpaka saa sita mchana, maana kibao wahudumu wa usafi huwa wanakigongea mlango kuuliza kama kina maana. Kabatini kuna kiango cha suruali chenye vibanio viwili. Bana nacho pazia pale katikati panapoachia mwanya, ule mstari mmoja wa jua ndio utakaokutafuta usoni saa 2 asubuhi. Taulo chini ya mlango. Funika kitaa chekundu cha televisheni. Kiyoyozi kishuke, chumba kiwe cha baridi kiasi cha kutaka blanketi. Na jambo dogo lililowahi kuwaponza watu: simu yako inabadilisha saa yenyewe ikitua. Ukiwa unaishi kwa saa za nyumbani, weka saa ya mkononi kwa saa za nyumbani, kengele ya simu uihakikishe mara mbili, na waombe mapokezi wakupigie pia.

Nije kwenye zile dawa tatu ulizopewa. Nitaanza na mbaya kuliko zote, vidonge vya mafua. Vingi vinavyoleta usingizi vina difenihidramini au ndugu zake. Mamlaka ya anga ya Marekani inamtaka rubani asubiri saa 60 baada ya kumeza difenihidramini kabla ya kurusha ndege. Wewe unakaa pale saa 26. Hapo hatuna cha kujadili.

Mvinyo unakulaza, hilo kweli, halafu ini likishaumaliza, usiku wa manane, mwili unagutuka na usingizi wa nusu ya pili unakuwa wa kukatikakatika, wenye safari za chooni. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni kuamka katikati ya usiku, ni sawa na kuzima moto kwa mafuta. Tena Marekani sheria inataka angalau saa 8 kati ya kinywaji cha mwisho na kazi, na mashirika mengi yanadai zaidi. Sikukatazi maisha yako yote, nakukataza usiutumie kama kidonge.

Melatonini ndiyo yenye heshima kidogo, na ndiyo inayoeleweka vibaya. Watu wanaichukulia kama nyundo ya kumpiga mtu kichwani. Ni homoni ambayo mwili wenyewe hutoa giza likiingia, kama mtu anayepita mitaani kutangaza kwamba usiku umefika. Haikulazi kwa nguvu. Ukiimeza inasogeza saa ya mwili, na inaisogeza mbele au nyuma kufuatana na wakati ulioimeza. Sasa wewe nimekwambia usiisogeze saa yako. Ya nini? Isitoshe, nchi nyingi huuzwa kama kirutubisho, bila kupimwa kama dawa: utafiti mmoja wa Kanada uliochapishwa 2017 ulikuta chupa ambazo kilichomo ndani kilipishana sana na lebo, kutoka pungufu ya asilimia 83 hadi ziada ya asilimia 478. Mamlaka za anga nazo hazikubaliani juu yake. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: usimeze chochote cha usingizi kabla daktari wa anga aliyetia sahihi cheti chako cha afya hajakubali, na akikubali, mara ya kwanza umeze nyumbani, siku ya mapumziko, uone unaamkaje.

Kahawa hukuniuliza, lakini najua ipo. Kafeini hailipi deni la usingizi, inamzuia tu mdai asigonge mlango. Inakaa pale adenosini inapotaka kukaa. Nusu yake bado iko mwilini baada ya kama saa tano. Kwa mpango wako, basi, kikombe cha mwisho ni saa 5 usiku ya kule, kisha hakuna hadi uamke. Kikombe cha saa 7 mchana kabla ya gari ni halali yako.

Na kujilaza angani, zamu yako ikifika, kuwe kulala kweli, si kutazama filamu. Hata usingizi mfupi una kazi: katika majaribio ya NASA yaliyochapishwa 1994, marubani wa masafa marefu walipewa dakika 40 za kupumzika kwenye kiti, wakalala wastani wa dakika 26, na umakini wao mwishoni mwa safari ukawa bora kuliko wa wenzao wasiolala. Huko kulala kitini kwa kupeana zamu, Ulaya na Kanada kunaruhusiwa kwa masharti, Marekani hapana. Wewe fuata kitabu cha kampuni yako. Ila jihadhari na mang'amung'amu. Mtu anayetolewa katika usingizi mzito anaweza kuzungumza na kujibu huku uamuzi wake haujaamka, na hali hiyo huchukua nusu saa, wakati mwingine zaidi. Ndege ya Air India Express iliyopita mwisho wa njia ya kurukia Mangalore tarehe 22 Mei 2010 iliua watu 158. Uchunguzi ulikuta kapteni alikuwa amelala sehemu kubwa ya safari, na mang'amung'amu hayo yakatajwa katika ripoti. Ndiyo maana nimekutaka uamke saa mbili kabla ya gari, usiamke kwa honi yake.

Limebaki lile la mwisho, la kazi yako. Sheria inakupa nafasi ya kulala, na inaishia hapo. Marekani, baada ya ajali ya Colgan Air ya Februari 2009 iliyoua watu 50, ikaandika kanuni zinazoanzia Januari 2014: mapumziko ya angalau saa 10, ndani yake saa 8 za fursa ya kulala bila kukatizwa. Kwingine maneno yanatofautiana, lakini kote kinachohesabiwa ni fursa. Kwamba uliitumia kulala au kutazama dari, hakuna mwenye kujua isipokuwa wewe, na ndiyo sababu kanuni hizohizo zinamwekea rubani mwenyewe wajibu wa kutoruka akijua hafai. Kampuni zenye utaratibu mzuri zina fomu ya kuripoti uchovu, na taarifa zikirundikana juu ya safari moja, ratiba hubadilishwa; nimeshaona ikitokea. Siwezi kukuahidi kwamba bosi wako atakupigia makofi. Zipo kampuni ambazo fomu hiyo ikipelekwa watu hununa, na kijana wa mwaka wa pili anaogopa, naelewa. Zungumza kwanza na afisa usalama wa ndege au mtu wa chama chenu, andika mambo kwa saa na tarehe, bila malalamiko. Lakini ndani ya ndege hakuna fomu wala aibu: siku ikitokea tena, mgeukie kapteni hapohapo, "Kapteni, nimezidiwa na usingizi, naomba uniangalie." Kapteni wako hakuona kwa sababu hukumwambia, na huenda naye alikuwa na zake. Kama mpaka leo hujamweleza mtu kazini, eleza wiki hii.

Yote niliyosema ni kwa mtu ambaye nyumbani analala vizuri. Kama hata katika siku zako za mapumziko unakesha usiku mara tatu au zaidi kwa wiki, na hali imezidi miezi mitatu, huo si uchovu wa safari tena, ni ugonjwa wa kukosa usingizi, na una tiba nzuri ya mazungumzo na mazoezi isiyohitaji kidonge. Kama mkeo anasema unakoroma halafu unanyamaza, kisha unashtuka kama mtu aliyezama majini, njoo upimwe pumzi za usingizini. Hiyo hutibika, na marubani wengi hurudi kazini baada ya kutibiwa. Kama umesinzia ukiendesha gari kwenye taa za barabarani, usisubiri safari ijayo. Na kama nyuma ya kukesha kuna huzuni isiyokwisha, au glasi mbili zimeshakuwa nne, sema, hata kama unaogopa cheti. Vyeti vingi nilivyoona vimepotea vilipotea kwa jambo lililofichwa mpaka likakomaa.

Ukienda kumwona daktari wako wa anga usiende mikono mitupu. Nunua daftari dogo, wiki mbili tatu hivi andika kila siku saa ulizolala, kwa saa za nyumbani na za pale ulipo, kahawa ulikunywa saa ngapi, na jinsi ulivyojisikia wakati wa kutua, alama moja hadi kumi. Uandike palepale, kabla ya kuvua sare.